Nyuma ya Farasi Piga Hodi

Kijana, ukija kwangu na pikipiki yako, izime pale barabarani uje kwa miguu. Si kelele ninayoichukia, masikio yangu yalizeeka kabla yangu. Ni kwamba kila nikiona mtu anapita nyuma ya kitu kinachonguruma bila kusema neno, goti langu la kulia linajikunja lenyewe. Goti hili lilipigwa teke na farasi hapa hapa Shinyanga, enzi za Mwingereza, na mpaka leo halijasahau adabu.

Mmeniuliza kwa nini mji mzima unaniita Mzee Saisi. Wengine mnadhani ni jina la ukoo. Jamani! Saisi ni mtunza farasi. Anamlisha, anamsugua, anamtandika, anazoa mavi yake, na bwana mkubwa akimpanda akapendeza, sifa zote zinakwenda kwa bwana. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya ujana wangu wote. Nataka kuwaeleza kabla sijaondoka, maana nyinyi farasi mnawaona kwenye kalenda tu, halafu mnabishana dukani kama ni ng'ombe aliyekatwa pembe. Nimewasikia, kwa masikio haya haya mabovu.

Nianze na aibu yangu. Kazi ya usaisi niliipata kwa uongo.

Nilikuwa mswaga punda wa tajiri mmoja wa Kagongwa. Tunapakia samli, ngozi na karanga kwenye shogi, yale makapu mawili yanayoning'inia ubavuni mwa punda, tunatembea nayo mpaka stesheni ya Shinyanga. Reli ya kwenda Mwanza ilikuwa bado ngeni. Watu walikuwa wanavaa vizuri, wanakwenda stesheni, wanaiangalia treni, wanarudi nyumbani kula, hawana safari yoyote. Siku hiyo nafika nakuta umati umezunguka behewa la mizigo. Ameshushwa mnyama mrefu, mwekundu, ana doa jeupe usoni, anatetemeka mwili mzima. Pembeni Mzungu mmoja mwembamba anapiga kelele: "Nani saisi? Nani anajua farasi?"

Watu wakatazamana. Mimi nikamkagua yule mnyama. Masikio mawili, miguu minne, mkia. Nikajiambia, ah, huyu si punda aliyekula akashiba? Nikanyoosha mkono.

"Mimi, Bwana. Saisi wa Tabora. Miaka mitano."

Mdomo wangu huo! Mpaka leo sijui ile miaka mitano niliitoa wapi.

Yule Mzungu tulimwita Bwana Kijiko. Alikuwa amekuja kutafuta dhahabu Geita, na kila aliposimama alichota udongo kwa kijiko cha chai, akauangalia kwa miwani, akautupa, akaguna. Farasi alikuwa jike, jina lake Neli. Mpango wa Bwana ulikuwa aingie Geita amempanda Neli, watu wamwone. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba njia yote ile ni pori la mbung'o, na farasi akiumwa na mbung'o huyo si wako tena. Aliambiwa akiwa amekwishamshusha. Basi akapanda lori kwenda Geita, akaniachia Neli katika banda moja karibu na stesheni.

"Selemani," akaniambia, "nikirudi nikamkuta na mkwaruzo mmoja, utaswaga punda maisha yako yote."

Nilishtuka, nikadhani amekwishanijua.

Kesho yake asubuhi nikaanza kazi. Nilimwendea Neli jinsi tunavyowaendea punda: kwa nyuma, kimya kimya, na kofi moja zuri la matakoni. Teke lenyewe silikumbuki. Nakumbuka nimekaa ndani ya pipa la maji, goti limefura, na mzee mmoja mrefu ameshika birika la kahawa ananitazama kwa huruma.

"Saisi wa Tabora," akasema. "Tabora ipi?"

Huyo alikuwa Mzee Farjala, Mnubi, askari wa zamani wa Mjerumani. Alikuwa amewatunza farasi wa maofisa Tabora kwelikweli, siyo Tabora yangu ya mdomoni. Vita vilipokwisha alibaki na kanzu moja, birika moja, na matusi ya lugha nne. Alikuwa anauza kahawa pale stesheni. Nikamwangukia. Nikamwambia, babu, nifundishe, Bwana akirudi nimekwisha.

Akafikiri. "Nitakufundisha," akasema. "Lakini kila Ijumaa baada ya sala utanipandisha juu yake. Sitaki aende popote. Nikae tu, ninywe kikombe kimoja, nishuke."

Ndiyo ada aliyoitaka. Kila Ijumaa nilimsukuma yule mzee juu ya tandiko kwa mabega yangu, naye akikaa pale juu kimya, ananyoosha mgongo, anakuwa mtu mwingine kabisa. Akimaliza kahawa anashuka, anarudi kunitukana.

Somo la kwanza lilikuwa hili, na ndilo ninalotaka mlibebe hata msiposhika mengine. "Nyuma ya farasi ni mlangoni kwa mtu," alisema. "Haoni anayekuja huko. Piga hodi. Sema jina lako, sema jina lake, imba kama unataka, lakini usifike kimya. Na ubavuni hapa, karibu na paja, usimguse kabla hajajua mkono ni wa nani." Alinifanya nipige hodi nyuma ya Neli asubuhi na jioni, kwa sauti, watu wa stesheni wanapita wanacheka wanashika mbavu.

Mengine yalikuja polepole. Kwato zake unazikwangua kila siku, tope likikaa humo linaoza. Ukitaka akupe mguu usiuvute. Egemea bega lake, teremsha mkono taratibu, atauinua mwenyewe. Akitoka mbio usimpe maji hapo hapo, mtembeze kwanza mpaka kifua kipoe. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi, kwa sababu farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Kile chuma cha mdomoni, lijamu, asubuhi za baridi kipashe moto kiganjani kwanza. "Wewe ungependa kuamshwa kwa chuma baridi mdomoni?" Farjala aliniuliza. "Mkono wako huo wa punda!" Na kingine: farasi akishtuka hatafuti njia mpya. Anakimbilia kwake. Popote alipo, anaijua njia ya kurudi kwenye pumba zake.

Sasa nije kwa Kabula, maana bila Kabula nisingekuwa na la kusimulia.

Kabula alikuwa analeta maziwa kuuza stesheni, kibuyu kichwani, anatembea hatikisiki. Mara ya kwanza alisimama mbele ya banda, akamtazama Neli kwa makini sana, akaniuliza: "Huyu mnamkamua saa ngapi?" Nikamwambia hakamuliwi. Akacheka. Nyie, acheni tu. Alivyocheka mimi nikamwaga ndoo nzima ya pumba miguuni mwangu. Tangu siku hiyo maziwa nikawa nanunua kila siku, na mimi maziwa hayapatani na tumbo langu.

Baba yake alikuwa Manju Masele. Manju ni kiongozi wa ngoma. Anatunga, anaimba, anaongoza wachezaji wake, na Usukuma manju mzuri anajulikana kuliko karani wa serikali. Masele alikuwa na ng'ombe, alikuwa na sauti, na alikuwa na dharau. Nilipokwenda kumposa Kabula nilivaa kanzu ya kuazima. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, akanitazama mpaka nikaanza kutoka jasho.

"Kazi yako?"

"Saisi, mzee."

"Ndiyo kuchunga?"

"Ndiyo, kama kuchunga."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Akageuka kumtazama mkewe, Mama Kabula, kama anayehakikisha amesikia sawa. Akarudi kwangu.

"Anatoa maziwa?"

"Hatoi, mzee."

"Analiwa?"

"Haliwi."

"Analima?"

"Halimi."

"Ngozi?"

"Bado anaitumia mwenyewe."

"Anabeba nini?"

"Anambeba Bwana."

"Bwana yuko wapi?"

"Amekwenda Geita. Kwa lori."

Jogoo mmoja alipita kati yetu, hata yeye akanitazama.

"Kwa hiyo," Manju Masele akasema, "wewe ni mtu mzima, una akili zako, unalala banda moja na mnyama asiye na faida yoyote, ambaye hata mwenyewe amemkimbia."

Nikasema ndiyo, kwa sababu ukiliangalia jambo lenyewe, ilikuwa kweli.

"Niletee faida ya mnyama huyo. Moja tu. Nikiiona kwa macho yangu, Kabula utamwoa. Mvua ya kwanza ikinyesha sijaiona, anakwenda Tinde. Kuna mtu huko ana ng'ombe na ana plau."

Nilirudi bandani nimepooza. Nikamtazama Neli, naye akanitazama, akatoa upepo. Nikamwambia, mwenzangu, tuna kazi.

Mama Kabula alinionea huruma. Yeye aliamini tatizo lilikuwa kwamba sisi wanaume wa stesheni hatujui kukamua. Akaja siku moja na kibuyu chake na Kabula nyuma yake, akafika bandani anaimba ule wimbo wa kumtuliza ng'ombe, akaanza kuchuchumaa upande wa miguu ya nyuma. Nikapiga kelele: "Mama, hodi! Piga hodi!"

"Hodi ya nini," akasema, "mimi nina kibuyu."

Kibuyu kilivuka paa la banda. Kilipatikana upande wa pili wa reli. Mama Kabula mwenyewe hakuguswa hata kidole, namshukuru Mungu, lakini alikaa chini kwa muda, halafu akasema kwa heshima kubwa: "Ana nguvu." Kabula alicheka mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi akaniuliza maswali. Ndiyo tabia yake, huuliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mtu akisimama nyuma bila hodi, anaruka?"

"Anaruka."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hata akimgusa kidogo tu, hapa ubavuni?"

"Hapo ndiyo usiseme. Hapo anaruka mpaka mbinguni."

"Halafu anakwenda wapi?"

"Anakuja hapa hapa. Kwake."

Akatingisha kichwa, akasema mnyama huyu ana akili. Mimi nikaona mwanamke huyu anaipenda kazi yangu, nikafurahi sana.

Plau tulijaribu pia. Hiyo sitaisimulia, lilikuwa shamba la watu.

Siku zikaenda, mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Ziwa, na mimi sina faida hata moja mkononi. Ndipo siku moja mchana Manju Masele akaja bandani mwenyewe. Hakunitazama. Alitazama dari.

"Mnyama wako," akasema, "anacheza?"

Hapa niwaeleze nyinyi mliozoea redio. Baada ya mavuno vikundi vya ngoma vilishindana, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakukuwa na mwamuzi wa kuandika alama. Watu ndio alama. Watazamaji wakihamia kwako umeshinda, wakikuhama umeshindwa, na wanahama bila haya, mguu mmoja huku mguu mmoja kule. Kwa hiyo kila manju alitafuta la kuvuta macho: mwanasesere mkubwa, nungunungu, moto, lolote. Masele alikuwa Mgika. Manju wa Wagalu, Nkwabi, alikuwa na chatu. Anamvaa shingoni, anambusu mdomoni, wanawake wanapiga yowe, uwanja wote unamiminikia kwake. Masele alikuwa ameshindwa na chatu huyo mavuno mawili mfululizo, na mashindano ya mwisho ya mwaka huo yalikuwa wiki ile.

Mimi nikamwangalia Farjala, aliyekuwa mlangoni na birika lake. Farjala akajivuna. "Farasi wangu Tabora walikuwa wanacheza kwa tarumbeta," akasema. "Lakini huyu msimchezeshe. Asimame tu. Farasi akisimama vizuri, kila mtu anasimama kumtazama."

Nikamuuliza Masele: "Mzee, ukishinda, hiyo itakuwa faida?"

"Nikishinda," akasema, bado anatazama dari, "itakuwa faida."

Siku nne tulimpigia Neli ngoma bandani mpaka akazizoea. Tena akazizoea kupita kiasi, lakini hilo nililijua baadaye. Siku yenyewe tulimchora mistari kwa udongo mweupe, tukamfunga njuga miguuni, tukampeleka uwanjani upande wa Samuye, mwendo wa saa moja na zaidi. Farjala hakuja. Ilikuwa siku ya treni, na siku ya treni kahawa inatoka.

Masele akaja na manyoya ya mbuni kichwani, ngozi kiunoni, filimbi shingoni. Tukampandisha. Akatazama chini, akanyamaza. Mtu aliyeimba mbele ya watemi akanyamaza!

"Nitaanguka," akaninong'oneza.

"Huanguki, mzee."

"Nifunge."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo saisi wa kweli hawezi kulifanya hata akiwa usingizini. Aliyepanda farasi hafungwi. Afadhali aanguke, atavunja mkono, ataishi. Mimi lakini mikono yangu ilikuwa na miaka ya karanga. Mtu akiniambia funga juu ya mnyama, inafunga. Nikapitisha kamba kwenye vifundo vya miguu yake chini ya tumbo la Neli, nikakaza fundo lile lile la shogi, ambalo ukilifunga Kagongwa linafika Shinyanga halijalegea. Masele akajitikisa, akaona ametulia, akafurahi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Watu walitujia kwa mbio! Masele pale juu alionekana kutoka pande zote, akaachia wimbo aliouandaa, "Mlisema hana maziwa, njooni mumkamue kwa macho," na uwanja ukaitikia. Upande wa Wagalu walibaki wapiga ngoma na mbwa wawili. Nikamtafuta Kabula kwa macho, nikamwona kati ya wanawake, anapiga vigelegele. Nikaanza kupanga nyumba.

Ndipo Nkwabi akamtoa chatu kwenye kapu. Safari hii alimvaa shingoni, akamzungusha kiunoni, halafu akatia kichwa cha chatu ndani ya mdomo wake mwenyewe. Yowe likapigwa. Watu wakageuza shingo. Na sisi wakati huo Neli alikuwa amefanya nini? Amelala. Farasi hulala amesimama, nilisahau kuwaambia, na hata mimi siku ile nilisahau kujiambia. Zile siku nne za ngoma zilikuwa zimemfundisha kwamba ngoma maana yake hakuna kazi. Mguu mmoja wa nyuma ameulegeza, mdomo wa chini umening'inia, macho ameyafumba.

"Amekufa?" mtu mmoja akauliza.

"Hapana, anasinzia."

"Aa, hata bibi yangu anasinzia," akasema yule, akaenda kwa chatu.

Wakaanza kutuhama. Mmoja mmoja, halafu kumi kumi. Masele akawa anaimba kwa hasira, anapiga filimbi, ananifokea kati ya beti: "Mwambie acheze! Mwambie aruke! Fanya kitu, wewe!" Nami niko mbele navuta hatamu, nambembeleza Neli, namsihi, namwahidi sukari guru, na yeye anakoroma. Wingu moja jeusi likapita juu yetu. Tone moja la maji likaniangukia mkononi. Nikasema basi. Kabula anakwenda Tinde, kwa mtu mwenye plau. Siwafichi, machozi yalinitoka mbele ya uwanja mzima.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Neli alifumbua macho yote mawili, akaruka kwenda juu, miguu minne haigusi ardhi, njuga zote zikalia mara moja. Hatamu ikanichomoka mkononi. Akageuka akatoka shoti, manju wetu juu, manyoya ya mbuni yamelala kisogoni, anapiga ukelele ambao haukuwa katika wimbo.

Na watu? Jamani, watu waliacha chatu na mdomo wake. Uwanja mzima ulitimka nyuma ya Neli. Wagika walikimbia wanashangilia, Wagalu walikimbia wanashangaa, wapiga ngoma walikimbia na ngoma zao, na wanaapa waliokuwepo kwamba Nkwabi mwenyewe alikimbia amemvaa chatu shingoni, hakutaka kupitwa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na goti langu, nalia, nikiwa na hakika kwamba nimemwua mkwe wangu kabla hajawa mkwe wangu.

Yaliyotokea stesheni nilihadithiwa na Farjala. Treni ya kutoka Mwanza ilikuwa imeingia, na ameshuka nani? Bwana Kijiko. Alikuwa amekonda, ana homa ya Geita, na dhahabu aliyoipata ingetosha kujaza tundu la sindano. Ameketi juu ya sanduku lake, ameshika kofia, hana hata mtu mmoja wa kumlaki. Ghafla anaona vumbi. Ndani ya vumbi anaona Neli wake, amepambwa mistari na njuga, na juu yake mtu mwenye manyoya. Neli alikata moja kwa moja kwenye kahawa ya Farjala, kwa sababu Farjala alimzoesha sukari guru, akasimama mbele ya birika, akanyoosha shingo, anadai haki yake. Nyuma wakaingia watu, umati hata reli haionekani, na ngoma, na vigelegele.

Bwana Kijiko akasimama. Mdomo wazi. "Farjala," akasema, "hii yote... kwa mimi?"

Mungu amrehemu Farjala. Hata kahawa haikumwagika. "Ndiyo, Bwana," akasema. "Watu wa Shinyanga wamekukumbuka sana."

Nilipofika nachechemea, Bwana alikuwa amepanda juu ya sanduku anahutubia. "Mimi furahi!" anasema. "Geita, dhahabu hapana! Lakini nyinyi, nyinyi dhahabu!" Watu hawakujua wanashangilia nini, lakini walikuwa wameshapata mbio nzuri, wakashangilia. Bwana akanikumbatia mimi, akambusu Neli puani, halafu akanyoosha mkono kumpa Manju Masele. Masele akaupokea kutoka pale juu, meno yanagongana. Kisha akainama kwenye sikio langu.

"Nifungue," akasema.

Ugomvi wa nani ameshinda ulifika kwa mwanangwa, yule mkuu wa kijiji. Nkwabi alidai uwanja ulibaki mtupu, kwa hiyo hakuna mshindi. Mwanangwa akamuuliza: "Watu walikwenda wapi?"

"Walimfuata Masele."

"Na wewe?"

Nkwabi akaanza kukung'uta vumbi miguuni. Mwanangwa akasema basi, shauri limekwisha.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Masele. Alikuwa amelala kifudifudi, Mama Kabula anamkanda mapaja kwa samli. Nikamuuliza: "Mzee, faida umeiona?"

"Nimeiona."

"Ni ipi, mzee?"

"Usiniulize," akasema. "Mchukue. Na usimlete huyo mnyama arusini."

Nikamwoa Kabula wangu kabla mvua hazijakolea, na Farjala alikaa mbele kabisa. Mwaka uliofuata Bwana Kijiko alikata tamaa ya dhahabu, akaondoka na Neli kwa treni. Ijumaa ya mwisho nilimpandisha Farjala juu yake, na safari hiyo alikunywa vikombe vitatu, sikumharakisha. Walipofunga mlango wa behewa nililia, na Farjala alinitukana kwa lugha zote nne, naye pia analia. Nikatunza farasi wengine baada ya hapo, Mwanza na Tabora, mpaka magari yakatunyang'anya kazi. Nikafundisha vijana usaisi. Na kila kijana niliyemfundisha nilimwambia kwa uzito wote: farasi hamwezi chatu, akimwona tu anatimka, mimi nimeshuhudia.

Juzi nilikuwa naisimulia hadithi hii kwa wageni, kama ninavyoisimulia siku zote. Nilipofika kwenye chatu, Kabula, ambaye sasa ni Mama Hadija na ana wajukuu wasiohesabika, akaniambia kutoka jikoni:

"Neli hakumwona nyoka yeyote."

"Hakumwona vipi?"

"Si alikuwa amelala? Na chatu alikuwa huko kwa Wagalu, na watu wamemzunguka. Angemwonaje?"

Nikaweka kikombe chini. "Sasa aliruka kwa nini?"

Akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga. "Nilikuwa na mwiba wa mgunga," akasema. "Nilipita nyuma yake. Nikaogopa, mwenzangu, nilikumbuka kibuyu cha mama. Nikataka kurudi. Halafu nikakuona wewe kule mbele unavuta kamba na unalia. Nikamchoma, pale pale ubavuni uliposema anaruka mpaka mbinguni."

"Angekuua!"

"Ndiyo," akasema. "Tinde je?"

"Na hodi ulipiga?"

"Ningepiga hodi si angeamka taratibu?" akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Nimekaa na mama huyu miaka yote hii, na nilikuwa nikipita nyuma yake jikoni bila kusema neno. Tangu juzi napiga hodi.